Jarida la Shamba na Mikono Iliyolishika

Mvua za kwanza zikishagonga mabati ya Yamumbi, kiungani mwa Eldoret, mwishoni mwa Machi au mapema Aprili, hakuna anayesubiri. Trekta za kukodisha hugombaniwa viunga vyote vya mji, mbolea ya DAP hubebwa kwa bodaboda, na mwenye robo ekari nyuma ya nyumba huchimba mashimo kwa jembe na kudondosha mbegu kwa mkono. Kupanda mapema ni jambo lisilobishaniwa katika kaunti ya Uasin Gishu. Wazee walilijua kwa kuona. Lakini pia lilipimwa kwa mizani. Katika miaka ya 1960, mtaalamu wa kilimo A. Y. Allan, aliyekuwa na kituo chake Kitale, aliendesha majaribio sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya. Alionyesha jinsi mavuno yanavyozidi kushuka kadiri siku za kupanda zinavyosogezwa baada ya mvua kuanza, na jinsi mbegu bora peke yake isivyomwokoa anayechelewa kupanda na kupalilia.

Mbegu nayo ina nasaba yake. Mnamo 1959 Michael Harrison, mzalishaji wa mbegu za mahindi pale Kitale, alisafiri hadi Mexico na Colombia kutafuta mahindi ya nyanda za juu. Kati ya aina alizorudi nazo kulikuwa na moja iliyoitwa Ecuador 573. Ilipokutanishwa na mahindi ya Kitale ikazaliwa chotara ya H611, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964 na kuwapa mavuno yaliyozidi ya mzazi wake wa Kitale kwa karibu asilimia 40. Mbegu ya 614, ambayo wakulima wa Uasin Gishu bado huiulizia kwa namba wanapofika kwenye duka la agroveti, ni ya ukoo huohuo.

Maarifa ya aina hii hayahifadhiwi kichwani mwa mtu mmoja. Mtafiti hustaafu, ofisi huhamishwa, faili huliwa na mchwa. Kinachobaki ni kile kilichoandikwa, kikasomwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa, kikapewa juzuu na ukurasa ili ajaye akipate. Kwa hiyo swali la nani analiendesha jarida la kisayansi, kwa fedha za nani na kwa ajili ya msomaji gani, linamhusu mkulima wa Yamumbi hata kama hajawahi kulishika mkononi. Na kwa Afrika Mashariki lipo jarida moja ambalo maisha yake yote ni historia ya swali hilo.

Lilianza Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, mwezi Julai 1935. Mahali penyewe palikuwa tayari na sifa. Wajerumani walikuwa wamejenga hapo kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe mwaka 1902, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakakifufua. Jarida liliitwa East African Agricultural Journal, na chini ya jina hilo yaliorodheshwa maeneo manne: Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Hilo halikuwa jambo dogo. Miaka mingi kabla ya kuzungumzwa soko la pamoja kama tunavyolizungumza leo, kulikuwa na meza moja ya uhariri iliyopokea miswada kutoka Bukoba, Serere, Kitale na Unguja.

Ni lazima isemwe wazi kwamba msomaji aliyekusudiwa wakati huo hakuwa mkulima Mwafrika. Alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni na setla mwenye maelfu ya ekari, na Uasin Gishu ya enzi hizo ilikuwa sehemu ya ardhi waliyotengewa setla. Waafrika waliopima mvua, waliohesabu majani yenye ugonjwa na waliopalilia vitalu vya majaribio mara nyingi hawakutajwa. Dhuluma hiyo imo ndani ya kurasa hizo. Hata hivyo kurasa zenyewe zilibeba kitu ambacho bara zima lilikuja kukihitaji.

Chukua mihogo. Ugonjwa wa batobato, ule unaokunja majani na kuyatia madoa ya njano, uliandikwa kwa mara ya kwanza kutokana na mihogo ya Usambara mwaka 1894, na mwanasayansi Mjerumani aliyeitwa Warburg. Miaka arobaini baadaye mtaalamu wa virusi H. H. Storey, akishirikiana na R. F. W. Nichols, alikuwa Amani akitafuta dawa ambayo haipo dukani, yaani mmea wenyewe uwe na nguvu ya kuukataa ugonjwa. Waliuchukua mhogo wa kawaida wakauchanganya na jamaa yake wa mbali, mti wa mpira wa Ceara. Watoto wa kwanza walikuwa wagumu lakini mizizi yao haikuwa na maana kwa mlaji. Ikabidi warudishwe kwa mhogo tena na tena, kizazi baada ya kizazi, mpaka chakula na ukinzani vikae kwenye shina moja.

Nichols aliandika matokeo hayo katika jarida la Amani mwaka 1947. Miaka kumi baadaye D. L. Jennings aliiendeleza kazi hiyo, na makala yake ya 1957 ikachapishwa palepale. Kisha programu ikafungwa. Kwa hesabu ya kawaida ya miradi, hapo ndipo mambo huishia. Lakini mbegu na vipando vilikuwa vimepelekwa nchi nyingine, na maelezo ya namna vilivyopatikana yalikuwa yamechapishwa. Miaka ya 1970 watafiti wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, mjini Ibadan, Nigeria, walipoanza kuzalisha mihogo mipya, msingi waliojengea ulikuwa uzao wa Amani. Aina hizo zenye ukinzani zikasambaa Afrika Magharibi, na miaka ya 1990, batobato kali ilipoteketeza mihogo ya Uganda na kuvuka hadi magharibi mwa Kenya, mashina yenye damu ya Usambara yalirudi Afrika Mashariki kupitia Nigeria. Asingeandika Nichols, nani angejua kilichomo ndani ya mashina yale?

Mkono wa kwanza kubadilika ulikuwa baada ya Vita vya Pili. Mwaka 1948 iliundwa taasisi ya pamoja ya utafiti wa kilimo na misitu ya Afrika Mashariki, EAAFRO, na makao yake yakawekwa Muguga, juu ya Nairobi kuelekea Limuru. Kazi za Amani zikahamishiwa huko hatua kwa hatua. Jarida nalo likahama. Mwaka 1960 likaongezewa neno misitu na kuwa East African Agricultural and Forestry Journal, jina linalotumika hadi leo.

Kipindi cha Muguga ndicho kilichotoa toleo ambalo wanasayansi wa maji duniani kote bado wanalitaja. Mwaka 1962 Charles Pereira na wenzake walichapisha toleo maalumu, sehemu ya juzuu ya 27, juu ya swali lililokuwa likiwagawanya watunga sera: msitu ukikatwa, mto unakuwaje? Hawakujibu kwa maoni. Walichagua mabonde madogo yenye vijito, wakajenga vipimo vya maji, wakaweka vya mvua, na kulinganisha bonde lililoachwa na bonde lililobadilishwa. Kericho msitu uliondolewa kupisha chai. Kimakia, kwenye milima ya Aberdare, mianzi iliondolewa ikapandwa misonobari, na mboga zikalimwa kati ya miche. Mbeya walilinganisha msitu na mashamba ya wakulima kwenye miteremko. Atumatak, Karamoja, walitazama ardhi iliyokwanguliwa na mifugo.

Majibu hayakumpendeza kila mtu, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Kericho, chai iliyotunzwa vizuri na kufunika udongo haikutumia maji mengi kuliko msitu ulioitangulia. Mbeya, bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi wakati wa kiangazi kuliko bonde la msitu, na udongo wake wa majivu ya volkano uliyanywa maji ya mvua kiasi kwamba mmomonyoko haukuwa kama ulivyohofiwa. Watafiti hawakusema kwa hiyo misitu ikatwe. Walisema kila udongo na kila mteremko una hesabu yake, na anayetaka kuamua apime kwanza. Jiji la Eldoret linakunywa maji ya bwawa la Chebara, yanayotoka kwenye vilima vya Cherangani. Mjadala wa kukata au kupanda miti juu ya vyanzo hivyo huibuka kila mara, na hoja nyingi zinazotolewa jukwaani zingepata nidhamu kama wasemaji wangesoma kurasa za 1962.

Majaribio yale yaliendelea baada ya uhuru, nchi tatu zikichangia. Kisha ikaja 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na kila mtu mzima wa wakati ule anakumbuka ndege, mabehewa na meli zilivyogawanywa kwa uchungu. Majarida hayakutajwa sana kwenye ugomvi huo, maana hakuna aliyeyaona kuwa mali. Muguga ilibaki upande wa Kenya, na jarida likabaki Muguga. Jambo la kugusa ni kwamba ripoti kubwa ya pili ya maji, iliyohaririwa na Blackie, Edwards na Clarke na kukusanya takwimu za Kericho, Kimakia na Mbeya kwa muda mrefu zaidi, ilitoka katika jarida hilo mwaka 1979. Jumuiya iliyolipia vipimo haikuwepo tena, mpaka kati ya Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa, lakini juzuu ya 43 iliwaweka watafiti wa nchi hizo kwenye jalada moja.

Mwaka huohuo wa 1979 Kenya iliunda taasisi yake ya utafiti wa kilimo, KARI, na jarida likawa chini yake. Jina la Afrika Mashariki lilibaki jaladani. Bodi, bajeti na wachangiaji vikawa kwa sehemu kubwa vya nchi moja. Uganda ilikuja kuunda taasisi yake, NARO, mwaka 1992, na mwaka uliofuata Kampala ikaanzisha African Crop Science Journal, mhariri wake akiwa Adipala Ekwamu wa Makerere. Lilikuwa jambo jema. Lakini lilimaanisha pia kwamba ule uwanja mmoja, ambapo mtafiti wa Serere alilazimika kumsoma mwenzake wa Kitale, haukuwepo tena.

Kilichofuata ni kigumu zaidi kukiona kwa macho, kwa kuwa hakuna siku moja kilipotokea. Watafiti wazuri walianza kupeleka makala zao bora ng'ambo. Septemba 2011 wakulima wa Bomet waliona mahindi yao yakikauka kuanzia ncha ya juu kabla ya kubeba, majani yakigeuka njano na gunzi likitoka tupu. Ulikuwa ugonjwa mpya Kenya, ule unaojulikana leo kwa herufi MLN, unaoletwa na virusi viwili vinavyosaidiana. Kwa ukanda unaolisha Kenya mahindi, kutoka Bomet hadi Uasin Gishu na Trans Nzoia, hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko nyingine yoyote ya shambani. Ripoti ya kwanza ya kisayansi, iliyoongozwa na Anne Wangai wa KARI, ilitoka Oktoba 2012. Ilichapishwa Plant Disease, jarida la chama cha wataalamu wa magonjwa ya mimea cha Marekani.

Hakuna wa kumlaumu Wangai. Ugonjwa ulihitaji kutangazwa mahali ambapo dunia ingesikia haraka, ili maabara za nje zisaidie na nchi jirani zijihadhari. Hata Storey alipeleka baadhi ya kazi zake London. Tofauti ni kwamba zamani matokeo yalikuwa na nyumba pande zote mbili: makala ya nadharia ikienda Uingereza, makala ya shambani ilibaki hapa, kwa lugha ambayo afisa wa wilaya angeweza kuifanyia kazi. Siku hizi mtafiti hupandishwa cheo kwa jina la jarida, mfadhili huulizia umaarufu wa jarida, na hakuna anayepewa alama kwa kuandika toleo la pili la mambo yaleyale kwa ajili ya watu wa Kapseret na Moiben.

Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichokuwa kampasi ya Chepkoilel ya Chuo Kikuu cha Moi kabla ya kupata hati yake mwaka 2013, kinajua shinikizo hilo. Tume ya elimu ya vyuo vikuu ilipoweka kiwango cha kitaifa mwaka 2014, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu alitakiwa awe amechapisha makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu. Nia ilikuwa njema. Lakini majarida ya hapa yenye kutoka kwa wakati hayakuongezeka kwa kasi ya wanafunzi, na pengo hilo likazibwa na matapeli. Ni kampuni zisizo na ofisi inayoeleweka, zinazotuma barua pepe zikimwita mwanafunzi daktari mashuhuri, zikimwahidi kumchapisha ndani ya wiki moja, kisha zikimtaka alipe kwa dola. Hakuna anayeusoma mswada. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver, alikuwa na orodha ya majarida aliyoyashuku kuwa ya aina hiyo hadi alipoiondoa mwaka 2017, na kutokuwepo kwake kuliwaacha wengi bila taa. Anayeumia ni yule kijana ambaye jaribio lake lilikuwa zuri kweli, akalipia kulizika.

Jarida la Muguga lenyewe lilishikwa na mkono mwingine. Sheria ya mwaka 2013 iliiunganisha KARI na taasisi za kahawa, chai na sukari kuwa shirika moja, KALRO. Katika mwongo huohuo, kurasa za jarida, tangu zile za Amani, ziliingizwa katika hifadhi ya kielektroniki ya Taylor & Francis, kampuni kubwa ya uchapishaji ya Uingereza. Faida yake haikataliki. Makala ya Jennings ya 1957, iliyokuwa ikivunda kwenye rafu chache, sasa ina namba yake ya kudumu na inaonekana kwa anayeitafuta akiwa Accra au Manila. Karatasi haziliwi tena na mchwa.

Lakini mlangoni pana tozo. Asiye chini ya chuo kilichojisajili hukutana na muhtasari na bei ya kununulia makala. Vyuo vya nchi zetu husaidiwa na mpango wa AGORA, ulioanzishwa na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 2003, na hilo limewafaa watafiti wengi. Mpango huo huhudumia taasisi. Haumfikii afisa wa kilimo aliyestaafu anayewashauri majirani zake Yamumbi, wala mwalimu wa sekondari, wala chama cha ushirika cha wafugaji. Utafiti uliolipiwa na kodi za watu wa Afrika Mashariki, ukafanyika kwenye udongo wao, unauzwa kwao kwa fedha za kigeni. Hilo ni kosa, na linafaa kuitwa hivyo hata kama kila aliyetia sahihi alikuwa na nia nzuri ya kuokoa maandishi yasipotee.

Si jarida hili peke yake. Chama cha wanyamapori cha Afrika Mashariki kilianzisha East African Wildlife Journal mwaka 1963. Mwaka 1979 likabadilishwa jina kuwa African Journal of Ecology, likapanua uwanja wake hadi bara zima, na leo huchapishwa na kampuni ya Wiley. Limepata wasomaji wengi na heshima; gharama yake ni kwamba mlango unafunguliwa na kufungwa na mwingine.

Njia ya pili imepitiwa Nairobi. Mwaka 2001 Profesa Ruth Oniang'o, mtaalamu wa lishe, alianzisha African Journal of Food, Agriculture, Nutrition and Development. Alikataa kuweka tozo kwa msomaji. Jarida husomwa bure popote, hutoka mara kadhaa kwa mwaka, na limechapisha watafiti wa lishe ambao vyuo vyao havina jina kubwa. Haikuwa kazi rahisi: miaka ya mwanzo ya jarida kama hilo hubebwa na mhariri mmoja asiyekata tamaa, na fedha ni za kuokoteza. Oniang'o alituzwa Tuzo ya Chakula ya Afrika mwaka 2017, akishirikiana na Maïmouna Coulibaly wa Mali. African Crop Science Journal la Kampala nalo liliamua mapema kusomwa bure, kupitia mitandao ya kuhifadhi majarida kama AJOL, ulioanza mwaka 1998 na baadaye kuhamishia makao yake Afrika Kusini. Kwa hiyo anayesema jarida la Afrika haliwezi kuishi bila kukabidhiwa kampuni ya nje hajatazama majirani zake.

Mvutano huu upo hata kwa wenye fedha. Aprili 2023 wahariri zaidi ya 40 wa NeuroImage, jarida kubwa la picha za ubongo, walijiuzulu kwa pamoja. Mchapishaji wao, Elsevier, alikuwa akimtoza mwandishi dola 3,450 kwa kila makala, nao walimwomba ashushe, akakataa. Walianzisha jarida jingine, Imaging Neuroscience, lisilotafuta faida. Mwaka 2015 wahariri wa jarida la isimu la Lingua walikuwa wamefanya vivyo hivyo na kuunda Glossa. Somo ambalo Muguga na Eldoret wanaweza kulichukua hapo ni la kiutendaji kabisa: nguvu ya jarida ni wahariri na wasomaji wataalamu wanaopitia miswada. Hao wakihama, jina la jaladani hubaki ganda.

Ndiyo maana hatua ambayo KALRO imechukua, ya kuwa na mtambo wake wa kupokea na kutoa makala za jarida la Muguga, inastahili kuungwa mkono, na kwa zaidi ya maneno. Mtambo huo hautoshi bila watu. Mhariri mkuu wa jarida la Kenya kwa kawaida ana kazi nyingine inayomlipa mshahara. Uhariri huufanya usiku. Anayepitia mswada hufanya hivyo bure, akiwa na madarasa ya kufundisha na wanafunzi wa kusimamia. Makala ikikaa mwaka mzima bila jibu, mwandishi huipeleka kwingine, na safari ijayo haleti tena. Chuo kinachompa mhadhiri alama za kupanda cheo kwa kuchapisha nje hakina sababu ya kutompa alama kwa kuhariri nyumbani, na tume ya vyuo vikuu ingeweza kulibadilisha hilo bila kuomba shilingi bungeni. Nchi zilizoirudisha Jumuiya mwaka 2000, nazo, zingeweza kurudisha viti vyao kwenye bodi ya jarida lenye jina lao. Batobato haikuomba viza Busia. MLN ilivuka Namanga na Gatuna vivyo hivyo.

Jambo la mwisho ni lugha, na hapa Eldoret ina mfano wake wa kujivunia. Udongo wa sehemu nyingi za Uasin Gishu una upungufu wa fosforasi na umejaa asidi. Mkulima huweka mbolea na mahindi yanabaki mekundu-mekundu majanini. Miaka ya 1990, Profesa John Robert Okalebo wa Chuo Kikuu cha Moi, kampasi ya Chepkoilel, mwanasayansi wa udongo aliyewahi kufanya kazi Muguga, alishirikiana na wenzake kutengeneza kifurushi kilichoitwa PREP-PAC. Ndani yake mlikuwa na kilo mbili za fosfeti ya mawe kutoka Minjingu, kaskazini mwa Tanzania, gramu 200 za urea, mbegu za jamii ya kunde pamoja na bakteria wa kuzisaidia kushika naitrojeni. Kilitosha kufufua kipande cha meta 25 za mraba, kile kiraka kilichochoka ambacho kila mwenye shamba anakijua. Maelezo ya matumizi yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha za wakulima wenyewe.

Mwanasayansi yuleyule aliyeandika makala za kitaalamu na mwongozo wa maabara unaotumiwa Afrika nzima hakuona aibu kuandika karatasi ya kutumbukizwa kwenye mfuko wa mbolea. Jarida la Afrika Mashariki la kilimo na misitu linaweza kudai hilo kwa kila makala linayoikubali: ukurasa mmoja wa Kiswahili, ulioandikwa na mwandishi mwenyewe na kukaguliwa na mhariri, ukieleza nini kilipimwa, wapi, na mkulima afanye nini. Ukurasa huo usomwe bure, uchapishwe, ubandikwe kwenye duka la agroveti na ofisi ya chifu. Chuo Kikuu cha Eldoret kilipotoa ngano ya Eldo Ngano 1 mwaka 2014, aina iliyopatikana kwa mionzi chini ya mradi wa shirika la kimataifa la nguvu za atomiki ulioongozwa na Profesa Miriam Kinyua, ili istahimili kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, wakulima wa ngano wa kaunti hii walihitaji mambo ambayo ukurasa mmoja ungeyatosheleza: ipandwe lini, kwa kipimo gani cha mbegu kwa ekari, na dalili zipi za kutu waendelee kuzichunguza.